Ushuru wa Nani? Neno la Kumi Lililobaki na Tano

Waliosikiliza kipindi cha wiki hii wanajua kwamba katikati tulikatishwa na bibi yangu. Sehemu ile hatukuitoa. Wengi mmetuma ujumbe mkiuliza alikuwa akisema nini, maana maikrofoni ilikuwa mbali naye. Basi leo naandika kisa chote, na pia yale ambayo kwenye kipindi hatukuyapa nafasi.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunarikodi nyumbani kwetu hapa Sib, sebuleni, kwa sababu AC ya chumba chetu cha siku zote iliharibika. Mchana wake nilikuwa nimemnunulia bibi jiko la gesi, riali 40. Risiti nikaiacha mezani. Bibi Kiarabu cha kusoma hakimjii vizuri, lakini tarakimu anazisoma kuliko mie. Akavaa miwani, akaishika risiti mbali na uso, akauliza:

"Hizi riali mbili za juu za nini?"

"Za dhariba, bibi. Ile tano kwa mia."

"Aa, ushuru."

"Siyo ushuru, bibi. Ushuru ni wa forodhani, bandarini. Hii ni dhariba ya..."

"Mwanangu, mie ushuru naujua. Nimeujua kabla mamako hajazaliwa. Baba yangu akipeleka karafuu alikuwa anatoa ushuru. Nakuuliza, huu ushuru wa nani?"

Nikamwambia wa serikali. Akacheka. "Wa serikali," akarudia, kama mtu anayeonja chai kuona kama sukari imekolea. Kisha akaondoka kwenda kutia udhu, maana Isha ilikuwa imeingia.

Mie nikadhani ni maneno ya wazee tu. Usiku nikakaa na neno lile, na kadiri nilivyolifuata ndivyo nilivyoona kwamba bibi ndiye aliyeuliza swali, na mimi ndiye niliyekuwa nasema maneno tu.

Kumi iliyopotea

Ushuru ni neno la Kiarabu, ushr, na maana yake ni sehemu moja katika kumi. Una kumi, toa moja. Shina lake ni lile lile la ashara, yaani kumi. Limo katika Ashura, siku ya kumi ya Muharram, na limo hata katika ishirini tunayohesabia Kiswahili kila siku bila kufikiri.

Sasa angalieni kitu. Kiswahili kilipokopa hesabu kwa Kiarabu kilichukua sita, kikachukua saba, kikachukua tisa, kikachukua ishirini, mia na elfu. Kumi hakikuchukua. Kumi kilikuwa nayo tangu asili, na jamaa zake wa Kibantu wanayo vile vile. Kwa hiyo mtu wa Maskati akitamka ushr, anaisikia kumi mle mle ndani ya neno. Mtu wa Unguja akisema ushuru hasikii hesabu yoyote. Anasikia pesa zinazomtoka.

Na neno likishapoteza hesabu yake, linakwenda popote. Kenya leo ushuru ni kodi ya aina yoyote, na wakusanya kodi walikuwa hata na timu yao ya mpira, Ushuru FC. Tanzania wamegawa: kubwa inaitwa kodi, na ushuru umebaki wa forodha, wa bidhaa, na ule wa soko anaotozwa mama mwenye mafungu ya mchicha. Hakuna anayemhesabia moja katika kumi. Anaambiwa mia kadhaa kwa siku, basi. Kumi yenyewe ilihamia kwingine: Wakristo wa huko wana fungu la kumi wanalotoa kanisani.

Lakini sisi tuliosomeshwa chuoni tunaikumbuka kidogo, kwenye mlango wa zaka. Mazao yaliyonyweshwa na mvua au na chemchemi, zaka yake ni ushuri mzima, moja katika kumi. Mazao uliyoyanywesha kwa taabu yako, kwa kuteka maji, zaka yake ni nusu ya ushuri. Nusu ya kumi ni tano. Mashamba ya mitende ya Batina, kuanzia hapa kwetu Sib na kwenda juu, yalikuwa ya visima. Ng'ombe alivuta kamba kwenye zijara tangu alfajiri, na wazee wanasema mlio wa gurudumu lake ulisikika shamba hata shamba. Kwa hesabu ya chuoni, maji yale yaliyotekwa kwa jasho yalikuwa na haki ya kulipa nusu.

Wafanyabiashara nao walikuwa na hesabu yao. Vitabu vya sheria vinamtaja Sayyidna Umar bin al-Khattab kuwa ndiye aliyepanga: mgeni anayetoka nje ya dola ya Kiislamu alipe moja katika kumi, asiyekuwa Mwislamu anayeishi ndani ya dola alipe nusu yake, Mwislamu alipe robo yake. Kumi, tano, mbili na nusu.

Nataka mlione hili vizuri, kwa sababu yote yanayofuata yanatoka hapa. Neno ushuru lilizaliwa likiwa na kipimo ndani yake. Mtawala akizidisha, neno lenyewe lilikuwa shahidi wa mlipaji. Sisi tulilipokea neno, shahidi tukamwacha ng'ambo.

Tano ya Sayyid Said

Tarehe 21 Septemba 1833, hapa Maskati, Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba na Mmarekani anayeitwa Edmund Roberts, aliyekuja na manowari Peacock. Mkataba ule ulisema kwamba merikebu za Marekani zitalipa asilimia 5 juu ya shehena itakayoshushwa, na zaidi ya hapo hakuna. Waingereza wakapata tano yao mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Tano ile ikafanya kazi Maskati na ikafanya kazi Unguja, kwa kuwa ufalme ulikuwa mmoja.

Ushuru ulilipwa forodhani. Forodha nalo ni la Kiarabu, furdha, pale chombo kinapofikia kupakua. Kila anayekwenda Unguja likizo lazima apige picha Forodhani usiku, mkononi mshikaki, mbele yake bakuli la urojo. Wangapi wetu tunajua kwamba tunakula palipokuwa pakikaa mizani ya Sultani?

Na Sultani mwenyewe hakukaa hapo kuhesabu. Aliikodisha forodha. Mfanyabiashara mmoja alimlipa kiasi cha mwaka walichokubaliana, kisha akakusanya yeye, na kilichozidi kilikuwa chake. Kwa miaka mingi mkodishwaji alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi mwenye asili ya Kachchh. Mwaka 1865 kodi ya forodha ilikuwa imefika reale 310,000, zile reale za fedha zenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Mwaka 1876 forodha ikachukuliwa na Taria Topan. Kwa hiyo hata wakati ule mtu angeweza kuuliza kama bibi: huu ushuru wa nani? Wa Sayyid? Wa Jairam? Jibu ni wa wote wawili, na mlipaji hakuambiwa mgao.

Halafu ile tano haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya wenye mkataba. Pembe za ndovu zilizotoka bara zililipa zaidi, na kiasi kilitegemea zimetoka upande gani. Mwenye karatasi alijua hesabu yake kabla hajatia nanga. Asiye na karatasi aliambiwa hesabu akishafika.

Huko bara walikiita hongo

Sasa tupande bara kidogo, kwa sababu kwenye kipindi ami yangu alisema maneno ambayo nadhani yanahitaji kujibiwa. Alisema, "Wazee wetu walitoza ushuru, kule bara walikuwa wakipora hongo."

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulipita Ugogo. Ugogo ni nchi kavu. Maji yako ya watu, visima wamevichimba wao. Kila ukiingia kwenye himaya ya mtemi unalipa: nguo, shanga, waya za shaba. Malipo hayo yakiitwa hongo. Kiasi hakikuandikwa popote. Mlikaa siku mbili, tatu, mkijadiliana, na huku maji mnakunywa na chakula kinaisha. Burton aliyepita mwaka 1857 na Stanley aliyepita mwaka 1871 wote wamejaza kurasa kwa kulalamika. Mwaka huo huo wa 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na Waarabu wa Tabora wakaingia vitani naye kwa miaka kadhaa. Ndani ya ugomvi ule lilikuwamo hilo hilo: nani ana haki ya kutoza njiani.

Leo hongo maana yake ni rushwa. Na kuhonga, mnajua wenyewe, ni pamoja na kumnunulia mtu simu ili akupende. Lakini wakati ule lilikuwa jina la malipo halali ya mtawala kwa mgeni anayepita nchi yake na kunywa maji yake. Huyo mtemi alifanya nini ambacho Sayyid hakufanya pale Forodhani? Tofauti ni mbili tu. Moja, ya Sayyid ilikuwa na kiwango kilichoandikwa, walau kwa baadhi ya watu. Ya pili, Kiswahili kilikuwa lugha ya msafara. Hakikuwa lugha ya mtemi. Aliyelipa ndiye aliyebaki na neno mdomoni, na akalitia uchungu wake. Wagogo wangekuwa ndio wanaoandika, pengine leo hongo ndiyo kodi, na ushuru ndio wizi.

Ami, samahani, wewe ni mkubwa wangu, na nakuheshimu. Lakini hapo hatukubaliani.

Bendera mbili Pangani

Swali la "wa nani" lilikuja kumwaga damu. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alikubali kampuni ya Kijerumani iendeshe pwani ya kusini ya mto Umba kwa jina lake, na ushuru wa bandari zote hizo ukusanywe na kampuni. Agosti ya mwaka ule maofisa wa kampuni wakaingia Pangani na kutaka bendera yao ipepee pamoja na ya Sultani. Watu wakauona ushuru ule ule, forodha ile ile, lakini mkono ni mwingine. Waliosimama wakaongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi. Vita vile vikaenea pwani nzima, na Desemba 1889 Wajerumani wakamnyonga hapo hapo Pangani.

Skuli nyingi vita vile vinafundishwa kama vita vya heshima na bendera, na ni kweli. Lakini bendera iliwekwa pale kwa ajili ya forodha. Mtu wa Pangani alikuwa na uzoefu wa kutoa ushuru kwa Sultani asiyemwona, mkononi mwa karani anayemjua. Kutoa kwa kampuni ambayo wenyewe wako Berlin hakukubali.

Na hapa hapa Sib

Haya, turudi nyumbani. Nilipofika hapa kwenye kusoma kwangu niliiweka simu chini nikatoka nje kutembea mpaka baharini.

Mwaka 1913 watu wa bara ya Omani walimchagua Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi na wakajitenga na Sultani wa Maskati. Vita na mazungumzo vikaendelea miaka saba. Moja ya silaha zilizotumiwa na upande wa pwani, ukiongozwa na Waingereza, ilikuwa ushuru. Tende za bara na matunda yake lazima zipite bandari za pwani ili ziuzwe. Ukipandisha ushuru bandarini, umembana koo mkulima aliye milimani, na risasi hujatumia hata moja. Wakapandisha.

Kisha wakakaa kuzungumza, na mazungumzo yakafanyika Sib. Mkataba ukatiwa saini tarehe 25 Septemba 1920. Upande wa Sultani Taimur bin Faisal mpatanishi alikuwa balozi mdogo wa Uingereza, Ronald Wingate. Upande wa watu wa bara, chini ya Imamu mpya Muhammad bin Abdullah al-Khalili, msemaji mkubwa alikuwa Sheikh Isa bin Saleh, naye pia al-Harthi, ukoo ule ule wa Abushiri.

Mkataba wa Sib una masharti manane, manne kwa kila upande. Mkiniuliza la kwanza linasema nini mtadhani ni uhuru, au mipaka, au nani atawale wapi. Hapana. La kwanza linasema kwamba kila bidhaa itakayotoka bara ya Omani kuja Maskati, Matrah, Sur na miji mingine ya pwani isitozwe zaidi ya asilimia 5.

Tano. Nusu ya ushuri. Usalama wa watu mijini, uhuru wa kuingia na kutoka, kutoingiliana, yote hayo yamefuata baadaye. Walioketi pale walikuwa wametoka kwenye damu, Imamu wao wa kwanza ameuawa miezi miwili nyuma, na jambo la mwanzo walilotaka liandikwe ni kiwango. Walijua kwamba mtu anayeweza kukupandishia ushuru anavyotaka hana haja ya kukushinda vitani.

Mkataba ule ulishikilia amani kwa zaidi ya miaka 30, mpaka mambo ya mafuta yalipoingia miaka ya 1950. Nimezaliwa Sib. Skuli nimesoma Sib. Nilikuwa najua kwamba uwanja wa ndege ulikuwa na jina letu mpaka 2008 walipougeuza kuwa wa Maskati, na nimeshawahi kuona uchungu kwa hilo. Kwamba karatasi ile iliandikwa kwenye mji wangu, na kwamba mstari wake wa kwanza ni wa ushuru, nimejua juzi, kwa sababu ya jiko la gesi.

Kilichokuwa kwenye mizani

Hapa ndipo ningependa kuishia, na nilikuwa nimeishia. Rasimu ya kwanza nilimpelekea mwenzangu wa kipindi, mnamjua kwa sauti, asome. Ameniruhusu niandike yafuatayo.

Kwetu kuna hadithi inayosimuliwa kila harusi, kwamba babu wa babu yangu alikuwa karani wa forodha Unguja zama za Sayyid Majid. Inasimuliwa kwa fahari: alijua hesabu, alijua kuandika, Sayyid alimwamini. Kwenye rasimu nilikuwa nimeitia hadithi hiyo kama pambo. Mwenzangu akanipigia simu.

"Umeandika pembe," akasema. "Umeandika karafuu na nguo. Hujaandika watu."

Nikanyamaza.

"Watumwa walilipiwa ushuru pale pale. Kwa kichwa. Wangu walipita pale. Basi kama wako alikuwa karani kweli, labda ndiye aliyewahesabu wangu."

Ni kweli. Kila mtumwa aliyeshushwa Unguja kutoka pwani alitozewa ushuru, kama pembe, kama gunia la sandarusi. Ile kodi ya reale 310,000 aliyopokea Sayyid kwa mwaka, sehemu yake ilikuwa hiyo. Hesabu ya forodha ilitaka idadi, haikutaka jina. Ushuru huo ulikwisha pale biashara ilipokwisha: tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini ya kufunga soko na kukataza watumwa wasisafirishwe baharini. Utumwa wenyewe ukaondolewa kwa sheria Unguja mwaka 1897, na hapa Omani mwaka 1970.

Leo mimi na mwenzangu hapa Maskati tunaitwa jina moja, Wazanzibari. Tukiingia ofisini, Kiarabu chetu kinachekwa sawasawa. Mama zetu wanabadilishana sufuria za biriani. Lakini nyumba yao haina hadithi ya harusi inayofika zaidi ya bibi wa mama yake. Hapo inakatika. Na moja ya sababu za kukatika ni kwamba mara ya mwisho mzee wao kuandikwa popote, aliandikwa kama hesabu ndani ya ushuru wa mfalme.

Nilimuuliza kama niiondoe hadithi ya karani. Akasema, "Usiitoe. Isimulie mpaka mwisho."

Basi naisimulia. Kwanza, makarani wa forodha zama zile wengi walikuwa Wahindi wa nyumba ya Jairam, kwa hiyo inawezekana mzee wetu hakuwa karani. Pengine alikuwa mpimaji, pengine askari wa mlangoni, na harusi zikampandisha cheo mwaka hadi mwaka. Pili, kama alikuwa pale kwa kazi yoyote, basi aliona walioshushwa na alikula mshahara uliotoka humo. Nimemwambia baba hivyo. Hakufurahi. Alisema mambo hayo yamepita. Nikamwambia, baba, kama yamepita basi na ya karani nayo yamepita, tusiyasimulie harusini. Hakunijibu, na mimi sikuongeza neno, kwa sababu ni baba yangu.

Tano zetu

Ule mwezi wa Ramadhani wa 2021, tarehe 16 Aprili, Omani ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango: asilimia 5. Ushuru wa forodha wa nchi za Ghuba kwa bidhaa nyingi zinazotoka nje, tangu Januari 2003: asilimia 5. Na Juni 2025 imetoka amri ya Sultani kuhusu kodi ya mapato ya mtu binafsi, itakayoanza Januari 2028, kwa mwenye kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka: asilimia 5 ya kile kinachozidi.

Sisemi kwamba waliopanga hayo walikaa na mkataba wa 1833 mezani, wala wa 1920. Wana sababu zao za leo, za mafuta na bajeti. Nasema tu kwamba tarakimu hii imeshazoea kwetu. Na kwenye barza zetu za Sib mazungumzo ni yale yale: vijana wanasema itapanda, wazee wanasema watu wa Dar na Nairobi wakituona tunalalamika kwa tano watacheka mpaka walie.

Mimi nilichojifunza ni kidogo. Neno ushuru lina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni kiasi gani, na hilo neno lilikuwa likijijibu lenyewe mpaka sisi tukasahau kumi yake. La pili ni la bibi, wa nani, yaani nani anapokea, nani anatoa, na nani alitolewa. Walioandika mkataba wa Sib waliuliza la kwanza na wakapata jibu kwa maandishi. Watu wa Pangani waliuliza la pili na wakajibiwa kwa mizinga. Waliopita Forodhani kwa kuhesabiwa vichwa hawakupewa nafasi ya kuuliza lolote.

Jana jioni nilimsomea bibi makala hii yote, jiko jipya likichemsha chai ya tangawizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwa mwenzangu na wazee wake aliacha tasbihi.

"Kwetu alikuwapo mmoja," akasema. "Alinilea mie. Tukimwita jina la siku. Hilo siyo jina lake."

Nikamuuliza jina lake lilikuwa lipi.

"Sikumuuliza, mwanangu. Nilikuwa mtoto, kisha nikawa mkubwa, na bado sikumuuliza."

Kipindi kijacho tutazungumza na wazee kuhusu majina ya siku, na waliopewa. Kama nyumbani kwenu yuko mzee anayekumbuka, msiseme mtamuuliza Eid. Muulizeni leo usiku, na muandike. Tukijaaliwa tutasikilizana wiki ijayo.